Vitabu na muziki wa Ayalandi: umsikilize nani kati ya wanaopendekeza?

Ukiuliza watu wengi kwa mpigo wakupendekezee kitabu cha Ayalandi, jibu litakalorudi mara nyingi ni Ulysses ya James Joyce. Ukiuliza muziki, utaambiwa Riverdance, Enya au The Dubliners. Majibu hayo si mabaya, ila yanataja kinachojulikana zaidi bila kumtazama anayeuliza. Ulysses ilitoka 1922 na bado inawashinda wasomaji wazoefu. Anayeanza nayo mara nyingi hukwama sura ya tatu, akaifunga, na asiiguse tena fasihi ya nchi hiyo. Hapo ndipo ushauri mbovu unapouma, maana kulikuwa na vitabu vya kurasa mia moja ambavyo angevimaliza Jumapili moja na kutaka vingine.

Tunalinganisha njia zinazotumika zaidi kupata mapendekezo, kisha tunaweka kazi chache ubavu kwa ubavu. Msimamo wetu ni huu: kwa vitabu, msomaji mmoja anayekueleza kwa nini alipenda au kuchukia ana faida kuliko maelfu ya nyota. Kwa muziki wa jadi, mpendekezaji bora ni mpigaji mwenyewe, kwa sababu desturi ya muziki huo humtaka aseme lahani aliipata kwa nani.

Nyota za wasomaji na mashine za kupendekeza

Goodreads, ambayo ni mali ya Amazon tangu 2013, na mwenzake StoryGraph ni tovuti ambako wasomaji hupima vitabu kwa nyota, na zina faida moja kubwa: ni bure na zina watu wengi. Kasoro yake ni kwamba wastani wa nyota unapima ni wangapi walipata walichokitarajia. Riwaya ya John McGahern ya 2002, That They May Face the Rising Sun, inafuata maisha ya watu wachache kandokando ya ziwa kwa muda wa mwaka. Mtu aliyetaka kisa chenye mshindo atalalamika kwamba hakuna kinachotokea. Anayeipenda ataisifu kwa sababu hiyohiyo. Ukichanganya watu hawa wawili unapata wastani usiomsaidia yeyote.

Kwa hiyo usisome nyota tano wala nyota moja. Fungua maoni ya nyota tatu, soma kama matano, utafute lalamiko linalojirudia. Kisha jiulize kama lalamiko hilo lingekusumbua wewe. Milkman ya Anna Burns, iliyoshinda tuzo ya Booker 2018, inafaa kwa jaribio hili: wasomaji hulalamika kwamba wahusika hawana majina na aya ni ndefu mno. Mambo yote mawili ni kweli, na yote mawili ni makusudi, kwa kuwa kitabu kinahusu mtaa ambao kutaja jina ni hatari. Kama aya ndefu zinakuchosha macho, suluhisho lipo: sikiliza toleo la sauti lililosomwa na Bríd Brennan. Sentensi zinazoonekana kuzungukazunguka kwenye karatasi, masikioni zinakuwa mazungumzo ya kawaida ya msichana anayeeleza mambo yake.

Kwenye muziki, mashine za Spotify na YouTube hufanya kazi vizuri upande mmoja na kuharibu kabisa upande mwingine. Bendi za sasa hazina tabu. Ukimsikiliza Lankum, mashine haitachelewa kukupeleka kwa Lisa O'Neill, na huko si kupotea. Wasikilizaji ni wengi, majina yameandikwa sawasawa, na data inatosha.

Ukigeukia muziki wa jadi wa fidla, filimbi na konsatina, mambo huharibika. Kwanza, neno "Celtic" kwenye orodha za nyimbo linakusanya kila kitu: Uskoti, Brittany, vinubi vya kulalia usingizi, nyimbo za baa. Ukilitafuta neno hilo, utapata kila kitu isipokuwa wapigaji wenyewe. Pili, lahani moja inaweza kuwa na majina matano, na jina moja likabeba lahani mbili tofauti. Mashine haiwezi kulitatua hilo kwa kuhesabu waliobofya.

Kuna jambo la tatu ambalo wageni hawaambiwi. Wimbo mmoja kwenye albamu huwa ni mfululizo wa lahani mbili, tatu au nne zilizounganishwa bila kupumzika, na majina yake huandikwa yakitenganishwa kwa mkwaju (/). Wimbo wa kwanza wa albamu ya kwanza ya The Bothy Band, ya 1975, una lahani nne, na The Kesh ndiyo inayofungua. Watu wengi husikia kitu kilichowapendeza katikati, wakatafuta jina la kwanza, wakaletewa lahani nyingine kabisa.

Hesabu yake si ngumu. Lahani ya kawaida ina sehemu mbili, kila sehemu ina vipimo 8 na hupigwa mara mbili, kwa hiyo mzunguko mzima ni vipimo 32. Kwa kasi ya kawaida ya jig au reel, aina mbili za lahani za kuchezea, mzunguko huo huchukua kama sekunde 35. Desturi ni kuizungusha mara mbili au tatu kabla ya kuhamia nyingine. Ikiwa kilichokugusa kinaanza karibu na dakika ya 1 na sekunde 45, basi kuna uwezekano mkubwa ni jina la pili kwenye orodha. Zipo lahani fupi ambazo sehemu zake hazirudiwi, na hizo huvuruga hesabu, kwa hiyo thibitisha kwa kusikiliza lahani hiyo ikipigwa na mtu mwingine.

Tuzo na orodha zake

Tuzo zina heshima, lakini kila moja ina mlango wake, na kilichobaki nje ya mlango hutakiona. Booker hutolewa kwa riwaya. Waayalandi wameishinda mara kadhaa: Roddy Doyle 1993, John Banville 2005, Anne Enright 2007, Paul Lynch 2023, na Anna Burns wa Belfast, Ayalandi Kaskazini, tuliyemtaja. Ila mkusanyiko wa hadithi fupi hauingii humo, na hadithi fupi ndiyo nguvu kubwa ya nchi hiyo tangu Joyce, Frank O'Connor na Mary Lavin hadi Claire Keegan na Kevin Barry wa leo. Anayefuata Booker peke yake anaikosa nusu iliyo bora.

Kulikuwa na mlango mwingine. Hadi 2018 Booker ilidai mchapishaji awe wa Uingereza. Solar Bones ya Mike McCormack, riwaya nzima iliyoandikwa kama sentensi moja, ilichapishwa 2016 na Tramp Press ya Dublin, ikawa haistahili mwaka huo hata ingekuwa nzuri vipi. Ilishinda tuzo ya Goldsmiths 2016, na International Dublin Literary Award 2018.

Hiyo ya pili inahitaji tahadhari. Jina lake linawafanya watu wadhani ni tuzo ya vitabu vya Ayalandi. Sivyo. Ni ya riwaya kutoka popote duniani, iliyoandikwa kwa Kiingereza au kutafsiriwa kwa Kiingereza, na Dublin ndiyo mwenyeji tu. Uzuri wake ni kwamba wanaopendekeza ni maktaba za umma za nchi nyingi, si wachapishaji. Zawadi ni yuro 100,000, na kitabu kikiwa cha tafsiri, mfasiri hupata 25,000 kati ya hizo. Orodha yake ndefu ni ya kuaminika kwa sababu wakutubi wanajua vitabu vinavyoazimwa na kurudi vimechakaa. Ila ukitaka Waayalandi humo, itabidi uwachague mwenyewe.

An Post Irish Book Awards hupigiwa kura na umma, na ina makundi mengi, pamoja na mapishi na michezo. Usichukue orodha nzima. Chagua kundi la riwaya au la hadithi fupi, na utazame waliopendekezwa wote, maana mshindi huwa ni yule mwenye mashabiki wengi.

Kwa muziki, Choice Music Prize hupewa albamu moja ya Ayalandi kila mwaka na jopo la majaji. Nyingi ni za pop na roki, ingawa Lankum walishinda kwa The Livelong Day ya 2019, albamu iliyojengwa juu ya nyimbo za jadi. Gradam Ceoil ya televisheni ya TG4 ni tofauti na inafaa zaidi kwa anayetafuta jadi, kwa kuwa inampa heshima mwanamuziki, si albamu. Unapata jina la mtu wa kumfuata, halafu wewe unatafuta rekodi zake. Kwa maoni yetu hiyo ni njia nzuri kuliko ya Choice.

Namna ya kuitumia tuzo yoyote: chukua orodha fupi badala ya mshindi, na chukua ya miaka mitano au kumi iliyopita. Vitabu ambavyo bado vinachapishwa na bado vinatajwa na wasomaji vimeshachujwa na muda.

Msomaji mmoja anayekujua

Hapa ndipo tunaposhawishika zaidi. Muuza vitabu, mkutubi, au rafiki aliyesoma sana anaweza kukupa kitabu kimoja kinachokufaa badala ya ishirini vinavyowafaa wengine. Hodges Figgis la Dublin, lililoanza 1768 na sasa liko Dawson Street, ni mfano wa duka lenye sehemu kubwa ya vitabu vya nyumbani. Ila hata mtu mmoja unayewasiliana naye kwa WhatsApp anatosha, mradi swali lako limeulizwa vizuri.

Swali baya ni "nipendekezee kitabu kizuri cha Ayalandi". Mshauri hana pa kushika, atakutajia alichokisoma mwisho. Swali zuri lina vitu vinne: kitabu ulichokimaliza kwa raha, kitabu ulichokiacha na ukurasa au sababu iliyokufanya ukiache, urefu unaoweza kuuvumilia, na kama lahaja inakusumbua. Kwa mfano:

"Nilimaliza Small Things Like These kwa siku mbili. Nimeacha Finnegans Wake ukurasa wa kwanza. Nataka kisichozidi kurasa 200. Mazungumzo ya lahaja nayaweza kama sura ni fupi."

Mtu mwenye maarifa akisoma mistari hiyo atafikiria The Spinning Heart ya Donal Ryan, ya 2012: sauti 21, kila mmoja anasema sura yake fupi na kuondoka, katika kijiji kilichoanguka pamoja na biashara ya ujenzi baada ya 2008. Lahaja imo, lakini hakuna sauti inayokaa muda wa kukuchosha.

Kosa la kawaida ni kutaja vitabu unavyovipenda tu. Kile ulichokiacha kina habari zaidi kuliko vile vitano ulivyovipenda. Kosa jingine ni kutorudi. Mwambie mshauri ulifika wapi na ulikwama kwa nini, hata kama pendekezo lake halikukufaa. La pili litakuwa karibu zaidi na la tatu litakuwa lenyewe.

Udhaifu wa njia hii ni kwamba mtu mmoja ana mipaka yake. Kama anapenda riwaya za mjini, hatakupeleka vijijini. Kwa hiyo tafuta wawili wasiopendana ladha.

Muziki wa jadi: fuata jina la aliyefundisha

Ukifungua kijitabu cha ndani ya CD ya muziki wa jadi wa Ayalandi utakuta, chini ya kila wimbo, maelezo kama haya: lahani ya kwanza niliipata kwa fulani wa kijiji fulani, ya pili imetoka kwenye rekodi ya fulani. Hayo si mapambo. Ni ramani ya mapendekezo iliyochorwa na mpigaji mwenyewe. Ukikipenda alichopiga, unajua sasa wa kumsikiliza baada yake, na yule naye ana wa kwake.

Tatizo ni kwamba majukwaa ya kusikiliza mtandaoni hayakuonyeshi kijitabu. Ndiyo sababu Bandcamp, duka la muziki la mtandaoni, inafaa kuliko Spotify kwa muziki huu: unapakua faili lenye ubora kamili, wapigaji wengi huandika maelezo yao kwenye ukurasa wa albamu, na sehemu kubwa ya pesa humfikia aliyepiga.

Pale maelezo yanapokosekana, kuna The Session, mkusanyiko wa lahani wa mtandaoni unaojengwa na wapigaji wenyewe tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000. Andika jina la lahani. Utapata noti, aina yake, majina yake mengine, orodha ya albamu zilizoirekodi, na idadi ya watu walioiweka kwenye daftari zao. Idadi hiyo isomwe kwa uangalifu: inaonyesha lahani inayopigwa sana na watu wakikutana, jambo linalohusu urahisi wa kujifunza kama linavyohusu uzuri. The Kesh na Cooley's ziko juu kwa sababu karibu kila mwanafunzi hupitia hapo.

Kama jina hulijui kabisa, jaribu programu ya Tunepal kwenye simu. Inasikiliza kipande kifupi na kutafuta lahani inayofanana nacho. Inafanya kazi vizuri ala ikiwa moja, tuseme filimbi au fidla peke yake. Ukiipa bendi yenye gitaa na ngoma hubabaika, kwa kuwa inafuata noti moja moja na haiwezi kuzichambua sauti zilizorundikana. Tafuta sehemu ya wimbo ambapo mtu mmoja anaanza kabla ya wengine kuingia, uipe hiyo.

Juu ya yote ipo hazina ya Irish Traditional Music Archive, iliyoanzishwa 1987 na yenye makao Merrion Square, Dublin. Sehemu kubwa ya rekodi na noti ilizoziweka mtandaoni ni bure. Haikupendekezei kama mashine, inabidi ujue unachotafuta, kwa hiyo iwe hatua ya tatu, si ya kwanza.

Redio nayo ina nafasi yake. RTÉ Raidió na Gaeltachta, iliyoanza kurusha matangazo 1972, huongea Kiayalandi na hupiga muziki wa jadi kwa wingi. Unapata mpangilio wa mtu anayejua kwa nini wimbo huu unafuata ule. Shida ni kwamba majina ya lahani hutajwa haraka na kwa Kiayalandi, kwa hiyo andika saa uliyosikia na utafute kipindi baadaye. Afrika Mashariki iko mbele kwa saa mbili majira ya joto ya huko na saa tatu majira ya baridi: kipindi cha saa tatu usiku Dublin mwezi wa Julai kinakufikia saa tano usiku Dar es Salaam au Nairobi.

Ubavu kwa ubavu: vitabu vya kuanzia

Small Things Like These ya Claire Keegan (2021) au Dubliners ya Joyce (1914)? Zote zinagusa Kanisa, ukimya wa jamii na mtu anayejua jambo asilothubutu kulisema. Keegan ana kurasa zaidi kidogo ya mia. Mfanyabiashara wa makaa ya mawe mjini New Ross, Krismasi ya 1985, anapeleka mzigo kwenye nyumba ya watawa na kumkuta msichana amefungiwa stoo ya makaa. Sentensi ni fupi na msamiati ni wa kawaida. Anza na hiki kama Kiingereza ni lugha yako ya kazi kuliko ya starehe.

Dubliners ni bure kabisa, kwa sababu Joyce alikufa 1941 na haki zake zimekwisha. Iko Project Gutenberg kwa kusoma na LibriVox kwa kusikiliza. Hadithi ziko 15, lakini usianze na ya kwanza, "The Sisters". Hadithi hiyo inaficha kilichotokea, na msomaji mgeni hudhani kuna kitu kimempita kwa sababu ya lugha. Anza na "Eveline", ambayo ni kurasa chache tu: msichana ana barua mbili mapajani, safari yake ya meli imeshapangwa, na amekaa dirishani anaangalia barabara. Kisha "Araby". Ukiyaweza hayo mawili, ruka hadi ya mwisho, "The Dead", ambayo ndiyo ndefu kuliko zote, uipe jioni nzima bila kukatizwa. Nyingine zitafuata zenyewe.

Mikusanyiko ya hadithi fupi ipo miwili mizuri. The Granta Book of the Irish Short Story, iliyohaririwa na Anne Enright 2010, ni chaguo la msomaji mmoja mwenye msimamo, na inasomeka toka mwanzo hadi mwisho. The Art of the Glimpse ya Sinéad Gleeson, ya 2020, ina hadithi 100 na imerudisha wanawake wengi waliokuwa wamesahauliwa. Ni nzito kubebeka. Ya Enright ni ya kusoma, ya Gleeson ni ya kutafutia watu: soma hadithi tatu kwa wiki, weka alama kwa mwandishi aliyekushika, kisha nunua kitabu chake.

Kwa wanaojali fasihi iliyoandikwa kwa lugha ya nyumbani, kuna Cré na Cille ya Máirtín Ó Cadhain, ya 1949. Wahusika wote wamekufa na wamo makaburini huko Connemara, na kitabu chote ni maneno yao. Hakuna msimulizi. Caitríona Pháidín amezikwa hivi karibuni na anataka kujua kama amewekwa kwenye sehemu ya bei ya juu, na kama dada yake Nell amekufa au bado. Kila maiti mpya akiletwa, wote wanamrukia kwa maswali ya habari za juu.

Zipo tafsiri mbili za Kiingereza, zote za mchapishaji Yale, na wapendekezaji hugombana juu yake. The Dirty Dust ya Alan Titley (2015) ina matusi yaliyochangamka na inajiachia, lengo lake ni kukufanya ucheke kama wasomaji wa mwanzo walivyocheka. Graveyard Clay ya Liam Mac Con Iomaire na Tim Robinson (2016) iko karibu zaidi na maandishi ya asili na ina maelezo ya kukusaidia. Kinachowashinda watu katika zote mbili ni kutojua nani anasema, kwa kuwa majina hayatajwi kabla ya maneno. Andika kwenye karatasi wahusika kumi na neno au kauli ambayo kila mmoja huirudia, maana Ó Cadhain amempa kila mtu wake. Baada ya kurasa 40 karatasi hutaihitaji. Kwa msomaji wa mara ya kwanza tunasema Titley, kwa anayetaka kujua Ó Cadhain aliandika nini hasa, ile ya pili.

Ubavu kwa ubavu: rekodi za kuanzia

Planxty (1973) na The Bothy Band (1975) ndizo albamu mbili zinazopendekezwa zaidi kwa mgeni, na Dónal Lunny yumo katika zote. Kama umezoea nyimbo zenye maneno, chukua Planxty: Christy Moore na Andy Irvine wanaimba, na zumari ya uilleann ya Liam O'Flynn inaingia polepole. Zumari hiyo hujazwa upepo kwa mvukuto wa kwapani, si kwa mdomo, na sauti yake ni laini kuliko ya zumari ya Uskoti. Kama unataka kasi na ala, chukua The Bothy Band, Matt Molloy kwenye filimbi na Paddy Keenan kwenye zumari.

Lalamiko la kila mgeni ni kwamba nyimbo zote zinafanana. Chanzo chake ni reel: mapigo ni 4/4, noti zinamwagika bila pumziko, sikio halipati pa kukaa. Basi usianze na reel. Anza na jig, ambayo ni 6/8. Msikilizaji wa Pwani ana faida hapa, kwa kuwa chakacha nayo ni 6/8, ingawa mkazo huangukia pengine. Kisha nenda slip jig, ambayo ni 9/8, na hapo utasikia tofauti wazi. The Butterfly, iliyomo kwenye albamu hiyohiyo ya The Bothy Band, ni ya aina hii. Tafuta matoleo matatu ya lahani hiyo kwa wapigaji tofauti, uyasikilize mfululizo. Nusu saa hiyo itakufundisha kutofautisha wapigaji kuliko albamu kumi za mchanganyiko.

Kwa fidla, wazee watakuambia Michael Coleman wa Sligo, aliyerekodi New York na kufa huko 1945. Wana haki, maana sahani zake zilirudi nyumbani na wapigaji wa mikoa mingine wakamwiga. Ila sahani hizo za santuri za mizunguko 78 kwa dakika zina mikwaruzo na kila upande ulibeba kama dakika tatu tu, na sikio changa husikia kelele kabla ya muziki. Tunashauri uanze na Martin Hayes wa Clare mashariki akiwa na gitaa la Dennis Cahill, Live in Seattle (1999). Mwendo ni wa taratibu, kila noti inasikika, na mfululizo mmoja humo unaenda zaidi ya dakika 20 ukipanda kidogo kidogo. Baada yake rudi kwa Coleman na kile kilichokuwa kelele kitakuwa mapambo ya vidole unayoyatambua. YouTube ikiwekwa kasi ya 0.75 inasaidia, kwa sababu inapunguza mwendo bila kushusha noti.

The Star Above the Garter ya Denis Murphy na dada yake Julia Clifford (kampuni ya Claddagh, 1969) ni fidla tupu kutoka eneo la Sliabh Luachra, na humo polka na slide, aina nyingine za lahani za kuchezea, ndizo mfalme. Hii ni ya anayetaka kucheza. Anayetaka utulivu asianze nayo.

Uimbaji wa sean-nós, sauti moja bila ala, hupendekezwa mwishoni na mara nyingi kwa kusitasita. Masikio yaliyozoea mashairi yakighaniwa hayana haja ya kusubiri. Jina la kuanzia ni Joe Heaney wa Carna, Connemara (1919–1984). Hazina yake ya mtandaoni ina rekodi, maneno ya Kiayalandi na tafsiri ya Kiingereza pamoja na maelezo ya kila wimbo. Sikiliza mara ya kwanza bila kusoma, mara ya pili ukifuata tafsiri kwa kidole, na usiuchague kwanza wimbo mrefu kuliko yote.

Mahali pa kuvipata

Aliye Ayalandi ana njia rahisi kuliko zote: uanachama wa maktaba ya umma ni bure, faini za kuchelewa zilifutwa 2019, na kadi hiyohiyo hufungua BorrowBox kwa vitabu vya kielektroniki na vya kusikiliza. Aliye Afrika Mashariki hawezi kuitumia BorrowBox bila kadi hiyo, kwa hiyo aanze na vya bure vya Gutenberg, kisha anunue toleo la kielektroniki la kile kimoja alichopendekezewa. Kabla ya kulipa, pakua sampuli na usome kurasa kumi kwa sauti. Kama ulimi wako unakwama kila mstari, toleo la kusikiliza ndilo la kununua. Mazungumzo ya Roddy Doyle huanza kwa kistari na ya Sally Rooney hayana alama za kufungua na kufunga usemi, na sampuli itakuonyesha mapema kama unaweza kufuata nani anaongea.